Yai la Ningning

Mke wa mwanangu, Qianru, anaamini kwamba akili ya mtoto inakaa kwenye vidole. Kila asubuhi, kabla hajakimbilia kazini, alikuwa anaacha sinia juu ya meza ya chakula, na juu ya sinia kazi ya vidole vya mjukuu wetu Ningning, mwenye miaka miwili na kitu. Leo maharage ya rangi mbili na vikombe vya kuyatenganisha. Kesho unga uliokandwa na rangi nyekundu na kijani, ambao kwa macho yangu ulikuwa unga mzuri wa maandazi ya mvuke uliopotezwa bure. Keshokutwa pamba, gundi, na karatasi yenye kondoo asiye na manyoya.

"Baba, mwache afanye mwenyewe," alikuwa anasema huku anavaa viatu. "Wewe kaa tu karibu yake. Akimaliza, piga picha utume kwenye kundi."

Baba ni mume wangu, Mzee Lou. Kukaa sakafuni na mtoto ilikuwa kazi yake, kwa sababu mimi napika, na magoti yangu na sakafu havielewani. Kundi ni la kwenye simu, la akina mama wa maghorofa yetu hapa Hangzhou, ambamo mama hawaonekani kamwe kwa kuwa wako kazini, na wanaotuma picha ni bibi na babu. Picha ikiingia, kila mtu anajibu kwa kidole gumba na ua. Hata ukituma picha ya ndoo utapata ua.

Tatizo la mume wangu ni kwamba maisha yake yote, kule kwetu Shaoxing, aliandika vibao vya maduka kwa brashi. Wauza pombe, wauza viatu, washonaji wa suti za maiti, wote walimjia. Mtu wa namna hiyo huwezi kumweka mbele ya mtoto anayepaka gundi kwa kiwiko ukamwambia atulie.

Siku ya kondoo alijitahidi. Ningning alibandika pamba yote sehemu moja, juu ya macho, kisha akabandika kidogo kwenye paja la babu yake. Kondoo alionekana kama amegongwa na lori akafungwa bandeji. Mzee akampiga picha akaituma. Muda huohuo Bibi Tong wa ghorofa ya chini naye akatuma kondoo wa mjukuu wake Xixi. Kondoo wa Xixi alikuwa na manyoya ya mviringo, kwato, na kope.

"Kope!" mume wangu akasema. "Mtoto wa miaka miwili ameweka kope!"

"Ameweka Bibi Tong," nikamwambia.

"Najua ni Bibi Tong! Kila mtu anajua ni Bibi Tong!"

Kesho yake kazi ilikuwa boga la vipande vya karatasi. Mzee alirekebisha kikonyo tu. Iliyofuata alirekebisha upande mmoja. Kabla ya wiki kwisha alikuwa anafanya kila kitu yeye, amevaa miwani, ulimi nje kidogo, na Ningning amekaa pembeni akishika kifuniko cha gundi. Mtoto akinyoosha mkono, babu anapiga "nch!" kwa ulimi na kumwambia, "Usiguse, utaharibu. Babu apake." Hakuwa mkali hata kidogo. Alisema kwa upole, kama unavyomwambia mtu asikanyage sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Ningning naye alizoea. Kazi ikiisha alikuwa anapiga makofi na kusema, "Safi, Babu."

Niliyaona yote nikiwa jikoni na nikanyamaza. Nitasema kwa nini.

Mjini hapa watoto wanalelewa kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa inakwisha sikukuu ya Mwanzo wa Kiangazi, halafu aje mama yake Qianru, Bi Bao, kutoka Ningbo, na sisi turudi Shaoxing, kwenye nyumba ambayo chenye sauti kubwa kuliko vyote ni friji. Sikutaka kurudi. Mtoto anayekuja kukuamsha kwa kukuwekea soksi usoni, huwezi kuondoka kwake ukafurahia friji. Mume wangu naye hakutaka, ingawa yeye alisema ni kwa sababu ya hewa.

Basi jioni moja, tukila wali wa njegere, Qianru akafungua simu, akatazama picha ya kazi ya siku hiyo, samaki wa vifungo vya shati, akatabasamu mpaka nikamwonea huruma.

"Wenzangu kazini hawaamini," akasema. "Mama yangu nyonga inamsumbua. Nimewaza, kama Ningning anaendelea vizuri namna hii na nyinyi, ya nini kubadilisha? Si mkae tu mpaka mwaka mpya?"

Mwanangu Haifeng alikubali kwa kichwa, mdomo umejaa. Chini ya meza mume wangu alinifinya paja kwa furaha, na alama ilikaa siku kadhaa.

"Sikukuu ikipita nitamwambia Mama rasmi," Qianru akasema.

Kwa hiyo ilibaki sikukuu tu.

Siku ya Mwanzo wa Kiangazi, huku kwetu watoto wanapimwa uzito, wanavikwa yai la kuchemsha shingoni kwenye kifuko cha uzi, na wanagonganisha mayai yao. La nani limepasuka, huyo ameshindwa na analila. Mwaka huu kundi liliamua kwamba kila mtoto apake yai lake rangi nyumbani, tena kwa mkono wake. Hayo maneno "kwa mkono wake" Bibi Tong ndiye aliyeyaandika, na akayawekea ua.

Siku moja kabla ya sikukuu nilichemsha mayai mawili ya bata. Moja lilipasuka sufuriani. La pili nilimpa Ningning asubuhi, wakati babu yake yuko kwenye simu akibishana na mtu wa gesi, na mtoto akalipaka. Alianza na njano, akaongeza nyekundu, akaongeza bluu na kijani, akasugua kwa kiganja mpaka zote zikawa rangi moja, rangi ya kitu kinachotolewa kwenye mtaro ulioziba. Akaniletea kwa mikono miwili.

"Bibi, ona!"

"Zuri," nikasema, na usoni mwake palikuwa pazuri kweli.

Mume wangu alipokata simu alilitazama lile yai. Halafu akalichukua akaliweka kabatini, nyuma ya chupa ya sosi ya soya, na akatoa yai jingine kwenye friji, bichi, maana lililochemshwa halikuwapo tena na mimi nilikataa kuwasha jiko. Akapaka samaki wekundu wawili chini ya majani ya yungiyungi. Magamba yalihesabika. Sitadanganya, lilikuwa yai zuri kuliko vibao vyote alivyowahi kuandika.

"Mzee," nikamwambia, "kesho watoto watagonganisha mayai."

"Nani mwenye akili atagonga yai kama hili?"

"Mtoto wa miaka miwili."

Alifikiri kidogo, kisha akaendelea na magamba.

Kesho yake tukashuka uwanjani. Wazee walikuwa wamefunga mizani kubwa ya kuning'iniza kwenye mti, na watoto wanapimwa mmojammoja ndani ya kikapu kama kabichi. Ningning alikuwa na gauni jeupe, na yai shingoni. Watu walimzunguka. Walipiga picha yai kabla ya kumpiga yeye. Qianru, aliyeomba ruhusa kazini asubuhi hiyo, alikuwa anasema "ni yeye mwenyewe, kwa kweli sisi hatumsaidii," na kila akisema hivyo mume wangu alikuwa anakagua mawingu.

Ndipo akaja Xixi. Hakusalimu. Alishika yai lake kwa mkono mmoja, akashika la Ningning kwa mwingine, akayagonganisha kama mtu anayefunga mlango. Kiini kilishuka kwenye gauni jeupe mpaka kiatuni.

"Nimeshinda," Xixi akasema.

"Bichi!" Bibi Tong akapaza sauti. "Jamani, ni bichi! Mzee Lou, kwenu gesi imekatwa?"

Watu walicheka mpaka mtoto aliyekuwa kwenye kikapu akasahaulika, akaanza kulia. Hata mimi nilicheka kidogo, sikuweza kujizuia. Qianru alikuwa anampangusa Ningning, uso mwekundu, lakini naye anacheka.

"Lakini yai lilikuwa zuri, si mchezo," Bibi Tong akasema. "Basi apewe jingine. Rangi zipo hapo mezani. Apake mbele yetu, tuuone mkono wa fundi."

Palikuwa na meza fupi yenye rangi, brashi na bakuli la mayai, na watoto wengine walikuwa wameshajipaka mpaka masikioni. Qianru akamkalisha Ningning kwenye kibenchi, akamwekea yai mbele, akachuchumaa.

"Haya, mama, paka. Waoneshe."

Ningning aliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Chukua brashi. Hii hapa."

Mtoto akatikisa kichwa. Akapiga "nch!" kwa ulimi, na kwa sauti ya mume wangu, ile ile ya upole, akasema, "Ningning asiguse. Ataharibu. Babu apake."

Hakuna aliyecheka. Bibi Tong aligeuka akaanza kupanga mayai yaliyokuwa yamepangika. Qianru alijaribu kumtia brashi mkononi, na mtoto akaficha mikono kwapani. Roho iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeisikia ile "nch" kila asubuhi nikikata vitunguu, na sikuwahi kuitia maanani. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mizani, na ungemwambia aingie kwenye kikapu angeingia.

Nyumbani Qianru hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Alikaa kwenye kochi, akafungua picha.

"Kondoo?"

"Kondoo ni wake," mume wangu akasema.

"Boga?"

"Langu."

"Nyumba ya vijiti?"

"Yangu."

"Samaki wa vifungo?"

"Macho aliweka yeye," akasema Mzee. "Kisha nikayasogeza."

Qianru akafunga simu. "Baba, mimi sikutaka kondoo. Kondoo nitampeleka wapi?"

Mume wangu alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati.

"Ngoja nimpigie Mama," Qianru akasema. "Aje wiki hii kama tulivyopanga."

Akatoka kwenda kwenye kibaraza na simu yake. Nilielewa kwamba tunarudi kwenye friji, na sikuwa na la kumlaumu. Nilikwenda jikoni nifanye chochote, nikafungua kabati, nikaona lile yai nyuma ya sosi ya soya. Nikalipeleka nikaliweka mezani, kwenye sinia la rangi, mbele ya Ningning.

"La nani hili?"

Alilitazama. Alilijua. "La Ningning," akasema. Halafu akalisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Baya."

Mume wangu alisikia. Akashuka sakafuni karibu na kibenchi cha mtoto, hatua kwa hatua kama ngamia. Akachukua karatasi. Akachukua brashi kwa mkono wa kushoto, ambao kwa maisha yake yote haujaandika hata kibao cha choo, na ule wa kulia akaukalia. Akaanza kuchora samaki.

Nimeolewa na mtu huyu tangu ujana wangu na sijawahi kuona kitu kibaya kama kile kikitoka mkononi mwake. Hakuwa anaigiza. Mkono ulitetemeka, rangi ikamwagika, samaki akatoka na tumbo upande wa mgongo, na mkia ukaishia kwenye suruali. Jasho lilimtoka. Nilitaka kumwambia basi, inatosha.

Ningning alisogea. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Babu," akasema taratibu, "umeharibu."

"Nimeharibu," mume wangu akasema.

"Umeharibu sana."

"Sana, mjukuu wangu. Sasa tufanyeje?"

Mtoto alifikiri. Akatoa mkono mmoja kwapani, akachukua brashi kutoka kwa babu yake, akaichovya kwenye njano, akaichovya kwenye nyekundu, bluu na kijani, akampaka yule samaki mpaka akawa rangi ya mtaro. Gundi ilikuwa karibu, akaongeza na gundi. Mume wangu aliangalia yote hayo bila "nch". Nilimwona ulimi ukigusa meno mara moja, akaurudisha.

Niligeuka. Qianru alikuwa amesimama mlangoni mwa kibaraza, simu sikioni, na ndani ya simu mama yake anaita, "Qianru? Hujanijibu, nije na gari-moshi la saa ngapi?"

"Mama," Qianru akasema, "nyonga inaendeleaje? Basi pumzika kwanza. Usikate tiketi. Baba ana kazi hapa hajaimaliza."

Alikata simu, akaja akampiga picha yule samaki, akaituma kwenye kundi. Hakuna ua hata moja lililoingia. Mwishowe Bibi Tong akauliza, "Hicho ni nini?" Qianru akajibu kwamba ni samaki, na hapo ndipo maua yakaanza kuingia.

Sakafuni Ningning alikuwa amevuta karatasi mpya. Akailaza mbele ya babu yake, akaisawazisha kwa viganja vyote viwili vichafu, akamrudishia brashi.

"Babu," akasema, "haribu tena."

Mume wangu akaukalia vizuri mkono wa kulia, akaharibu.