Jicho la Pili la Balambaras

Hakuna mtu katika Gondar nzima anayezijua picha takatifu kuliko mimi, Yeshihareg. Nazijua kwa kuzipangusa vumbi, lakini. Na mtakatifu nisiyemjua jina nampa la jirani anayefanana naye. Miaka tisa Malaika Mikaeli kwangu alikuwa Mulat muuza ngano, mpaka siku Aba Wubetu aliponisikia nikimwambia asogee nifagie.

Aba Wubetu ndiye padri anayesimamia jumba letu la makumbusho. Jumba ni neno kubwa; ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, kina misalaba, vitabu vya ngozi, picha, na mwavuli uliotoboka ambao tunasema ni wa kale. Funguo nakaa nazo mimi. Tangu nifiwe na mume, funguo hizo ndizo zinazonitoa kitandani asubuhi, na Aba analijua hilo. Juma la maonyesho akaninyooshea kidole.

"Picha ya Balambaras, unyoya tu! Maji yasiikaribie. Ikiharibika, mama yangu, funguo unanirudishia."

"Aba, mimi mtoto?"

"Mtoto angesikia."

Picha yenyewe ni ya Mama Maryamu na Mwanawe. Chini kabisa, miguuni pao, amejilaza Ayalneh mwenye cheo cha Balambaras, mdogo kama mjusi, uso ameugeuzia kwetu. Ndiye aliyeagiza picha ichorwe, na mwagizaji kwetu huchorwa humo humo, amejinyenyekeza. Mjukuu wake, Weizero, yaani Bibi, Asegedech, ndiye aliyetuazima, na ndiye aliyekuwa aje kuifungulia pazia Ijumaa saa tatu.

Ijumaa hiyo, saa mbili kasoro, nikaona kinyesi cha nzi kwenye shavu la Balambaras. Kadoa tu. Unyoya haukukatoa. Basi nikatemea mate ncha ya shuka yangu, maana mate si maji, nikasugua. Kadoa kakatoka. Na jicho likatoka nako.

Wachoraji wetu wa zamani hawakuwa na mchezo: mwema alichorwa macho mawili, mwovu alichorwa upande, jicho moja. Yuda ana moja. Shetani ana moja. Na sasa, miguuni pa Mama Maryamu, mbele ya ukoo wake mzima, Balambaras Ayalneh naye alikuwa na moja.

Nikafunga pazia. Nikalifungua. Nikatoka nje kukaanga kahawa ya wageni, nikaziacha buni zikaungua, nikarudi kutazama. Bado moja. Nikasali. Nikachungulia kwa kona ya pazia, labda. Moja. Nikatoka tena, nikakoroga majivu kama mwendawazimu, nikasikia gari likipanda kilima, kumbe la maji. Funguo zilikuwa zikinigonga ubavuni kila nilipopiga hatua, kama zinaniaga.

Ndipo nikakumbuka wanja wangu. Mwanamke haachi wanja kwa sababu ya uzee tu. Lakini unga wake haukushika kwenye picha, ulianguka wote. Nikapitisha kidole kichwani, kwenye siagi niliyopaka nywele jana yake, nikachanganya, nikamchora Balambaras jicho la pili. Lilitoka kubwa kidogo kuliko mwenzake. Alionekana kama mtu aliyekutana na mama mkwe njiani.

Wageni wakaingia. Weizero Asegedech akavuta pazia, wanawake wakapiga vigelegele, Aba akasafisha koo.

"Rangi hizi," akasema, "hazijaguswa na mkono wa mtu tangu zikauke."

Weizero Asegedech akatazama. Akatazama sana.

"Babu kashtuka nini?"

Aba akainama, ndevu zikakaribia kugusa picha. Akainuka taratibu, akanitafuta kwa macho nyuma ya wageni.

"Mama Yeshi. Umeigusa?"

"Mimi? Aba, siku ya mfungo nidanganye? Unyoya tu! Kidole changu hakijafika hapo, na Mama Maryamu huyo hapo ni shahidi yangu."

"Mwache bibi wa watu, Aba," Weizero Asegedech akasema. "Babu yangu alikuwa na macho makubwa hivyo hivyo. Huyu ndiye aliyenifundisha kupanda nyumbu."

Akapiga magoti. Aba akasema, "Hairuhusiwi kugu—" lakini nani kwetu anaweza kusimama mbele ya Maryamu amefunga mikono kama polisi? Akabusu miguu ya Mama Maryamu. Kisha akambusu babu yake usoni, busu refu, la mjukuu hasa.

Akainuka. Akalamba mdomo. Akalamba tena.

"Aba, leo si Ijumaa?"

"Ijumaa, binti yangu."

"Sasa mbona babu yangu ana siagi?"

Ijumaa siagi haipiti mdomoni mwa aliyefunga. Kichwani hakuna aliyeikataza. Jicho la pili la Balambaras lilikuwa limeganda juu ya mdomo wa Weizero Asegedech, jeusi, linanitazama.

Aba Wubetu alipenya katikati ya wageni, akainama, akaninusa nywele. Kisha akafungua kiganja mbele ya funguo zangu.