Insha Mia Mbili na Kumi

“Aina ya kazi?” Mwirigi aliniuliza, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi.

Ilikuwa tarehe thelathini Juni, siku ya mwisho ya kutuma ritani za kodi, na foleni ya saiba yake, kibanda cha kompyuta na intaneti, ilikuwa imefika hadi kwa akina mama wanaofunga miraa kwa majani ya migomba. Zamu yangu ilikuwa imefika. Baba alisimama nyuma ya kiti changu, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani. Sikuogopa. Siku hizo nilikuwa nimekufa ganzi. Hata njaa niliijua kwa kuangalia saa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika insha za wanafunzi wa Marekani. Nilimaliza chuo, nikakosa ajira, na kwa miaka mitatu nikawaandikia kutoka chumbani kwangu Kangeta: vita vyao, nyanya zao waliofariki, sababu zao za kutaka kuwa wauguzi. Wao walitia majina yao juu ya karatasi, mimi nikatumiwa dola. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye aibu ikaisha, ikaondoka na mengine yote. Shangazi Karwirwa alipofariki nilimaliza insha kwanza, kisha nikaenda matangani kulia na wenzangu, machozi yakakataa katakata.

Nyumbani nilisema nafanya kazi ya kompyuta. Mama aliridhika. Baba naye aliridhika, ingawa si mtu wa kuridhika ovyo: Mwalimu Muthamia, aliyefundisha miaka thelathini na minne, na ambaye aliwahi kumfukuza darasani mtoto wa chifu kwa kunakili jibu moja tu. Aliniamini. Katika yote niliyokuwa nayo, hilo tu ndilo nililoona nikilipoteza sitalipata tena.

Kisha kaunti ikatangaza nafasi za makarani, na kila mwombaji alitakiwa awe na cheti cha kodi. (Kazi yenyewe sikuipata. Ni miaka sita sasa, na wala siijutii.) Baba akasema atanisindikiza, maana ya Kaisari hupewa Kaisari.

“Mwalimu, hawa vijana wote mimi nawawekea tu nil,” Mwirigi alimwambia baba. “Hapa kwetu hakuna mtu ako na kitu. Dakika mbili tumemaliza.”

Nil ingeniokoa. Maana yake huna pato, basi huna kazi, na asiye na kazi haulizwi kitu. Nilifungua mdomo nikubali.

“Makandi ako na kazi,” baba alisema. “Andika kazi yake. Mtoto wangu hawezi danganya serikali.”

Wakaningoja wote wawili. Nyuma yetu mtu akaguna kwamba tunachelewesha watu. Lisilo budi hutendwa, nikasema, kwa sauti ile ile ninayoombea chumvi mezani: “Naandikia wanafunzi wa ng’ambo insha, wanapeana kama zao. Mwaka jana niliandika mia mbili na kumi.”

Mwirigi hakuinua kichwa. “Naweka uandishi,” akasema, akabonyeza, akaniuliza pato la mwaka, nikamtajia. Kodi ikaja shilingi elfu ishirini na moja, mia tatu tisini na tatu. Nililipa kwa simu. Risiti ilipotoka, baba aliikunja mara mbili akaitia mfukoni bila kuisoma.

Njiani alitangulia hatua mbili tatu. Nilijua hasira zake hupanda polepole, na kwa kweli nilizitaka. Kitu cha kuniuma kingenifaa wakati ule. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu akasimama, akanigeukia.

“Walipata ngapi?”

“Nani, Baba?”

“Hao wazungu. Walipata alama ngapi?”

“A. Karibu wote.”

“Zote hizo mia mbili?”

“Wachache walipata B.”

Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso kutazama mashamba ya watu. Nikaona mdomo wake ukishindana na tabasamu, na tabasamu likashinda. Mwalimu Muthamia alikuwa akijivunia bintiye. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

“Mama yako usimwambie hiyo maneno ya insha,” alisema kwa sauti ya chini. “Yeye mwambie tu umelipa kodi.”

Nikamwambia hivyo hivyo. Mama alifurahi hata akachinja jogoo. Kabla hatujala alisimama, akamshukuru Mungu kwa kumpa mume asiyejua uongo na binti aliyemfuata babake. Baba alikuwa amefumba macho. Aliitikia amina kabla yangu, tena kwa nguvu.