Mwanamke wa Kwenye Ngao

Fundi rangi alikuwa ameshapaka nusu ya mji: maduka, zahanati, hata mapipa ya taka. Kwa kazi hana mpinzani. Kwa maneno, wee, utamngoja mpaka uchoke. Ndiyo maana mkewe alifunga virago akaenda kwa dada yake. "Bora ningekuwa ukuta," alimwambia akitoka. "Ukuta unauangalia!"

Maneno yalimchoma. Akabaki mlangoni na brashi mkononi, mke huyooo, akaondoka.

Wiki ile ile halmashauri ikampa kazi ya kuchora ngao mpya ya mji, kwenye ukuta wa ukumbi na katikati ya bendera. Alitakiwa kuchora mnara, mawimbi, pweza, na mwanamke ameshika taa. Vingine vilimtoka haraka. Alipommaliza mwanamke akarudi nyuma kutazama, akajikuna kichwa. Lahaula, mkewe mwenyewe! Mwanya ule ule, mkono mmoja kiunoni, anasubiri maelezo. Akainua brashi amfute, akashindwa. Na mkewe akijiona ameanikwa mbele ya mji mzima, si ndiyo basi tena, harudi? Akamwacha hivyo hivyo, roho juu.

Siku ya uzinduzi mkewe alikuja na dada yake, wakasimama mbele kabisa. Pazia likashuka. Watu wakatazama ukuta, wakamtazama mkewe, minong'ono ikaanza. Fundi alitamani ardhi impasukie.

Meya, ambaye hakuwa na habari, akaendelea kusoma. "Bluu ni bahari. Nyeupe ni povu la mawimbi. Pweza ni bidii yetu, mikono minane ya kufanya kazi..."

"Ya kukusanya ushuru!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Umati ukaangua kicheko.

Meya akakohoa. "Na mwanamke huyu ni mji wetu wenyewe: mpole, mtulivu, asiye na makuu."

"Mpole?" shemeji mtu akaropoka. "Huyu? Mtu hamumjui, mnamsifia!"

Mkewe hakucheka. Alipanda ngazi za jukwaa mpaka ukutani, pua karibu iguse rangi. Kwenye mkono ulioshika taa palikuwa na kovu dogo la kuungua, lenye umbo la ncha ya pasi. Akashika mkono wake mwenyewe, pale pale. Kisha akamgeukia mumewe, aliyesimama pembeni na brashi yake.

"Hili uliliona lini?"

"Siku ile ile uliyoungua. Ulikuwa unanipigia pasi shati."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka kusema pole. Ukalifunika, nikadhani hutaki liulizwe." Akageuza brashi mkononi. "Naliona kila ukinipa chai."

"Miaka yote hii! Na mimi nikajua nimeolewa na kipofu." Akamnyooshea ule mkono wenye kovu. "Haya, sema sasa."

Meya akashusha karatasi yake.

"Pole, mke wangu," fundi akasema, na safari hii kwa sauti. "Pole sana. Rudi nyumbani, nimekukumbuka."

Mkewe akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akashuka ngazi bila haraka. Mlangoni akasimama, mkono mmoja kiunoni.

"Sasa unakuja, au unabaki na huyo wa ukutani?"

Fundi akamkabidhi meya brashi, akamfuata mbio.