Mwizi wa Mzee Jama

Ukifika Isiolo ukaambiwa kwamba Huqa ni mwizi, usibishane na watu. Yeye mwenyewe habishani. Ataitikia salamu yako, atafuta mikono kwa kile kitambaa chake cheusi, na akiona unamkazia macho atainama tena chini ya boneti. Lakini jambo likishasemwa sana sokoni hupoteza kichwa na miguu, kwa hiyo tulianze pale lilipoanzia.

Huqa na mwenzake Ntongai ni mafundi wasio na gereji. Gereji yao ni pikapu moja iliyochoka, masanduku ya spana nyuma, na kazi yao ni kuyafuata magari yaliko. Si magari yote, la. Malori ya ng'ombe na Land Cruiser za kwenda Merti zina mafundi wake pale stendi. Hawa wawili walijulikana kwa magari ya mbio ya zamani, yale madogo ya milango miwili, yenye kabureta zinazotaka kubembelezwa kama mtoto anayeota meno. Mwenye gari mmoja yuko Timau kwenye mashamba ya ngano, mwingine Nanyuki, mwingine Meru, watu wenye uwezo na wenye wivu. Mtu wa namna hiyo hampi fundi gari lake aende nalo. Fundi ndiye humjia nyumbani, na mwenyewe huvuta kiti akakaa karibu, akatazama kila nati inavyofunguliwa.

Kazi hiyo ina adabu yake. Chuma chochote unachokitoa kwenye gari la mtu, hata kama kimeisha kabisa na hakifai kitu, unakiweka mkononi mwa mwenyewe kabla hujashika kingine. Hukitupi, wala hukitii mfukoni. Huqa alifundishwa adabu hiyo na Mzee Jama wa Bulapesa, na ndiyo sababu habari hii inauma.

Mzee Jama alikuwa mjukuu wa askari aliyekuja na jeshi la Mwingereza akastaafu hapa hapa, na ukoo wao wote ni watu wa malori. Ujanani alinunua Datsun moja ya mbio, rangi ya machungwa, kutoka kwa dereva aliyeshindwa na barabara zetu. Mkewe Maryan, Mungu amrehemu, alikuwa akiiita mke mwenza, na hakukosea, maana zamu ya gari lile haikukosa hata siku moja. Huqa alifika mjini kutoka Merti, kijana mkavu kama fimbo, baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yake. Mzee Jama akamkuta anaosha malori, akamtia spana mkononi. "Mikono yako haina haraka," akamwambia. "Fundi mwenye haraka aende akauze miraa." Huqa sasa ana mvi, lakini kwa Mzee Jama alibaki kuitwa kijana, na alipenda kuitwa hivyo, naye alimwita mzee Adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali.

Basi uzee ukaingia nyumba ile kwa mlango wa nyuma. Kwanza mzee alisahau majina ya wajukuu, watu wakacheka. Kisha akamsahau jirani aliyeswali naye miaka yote, watu wakanyamaza. Siku moja aliwasha Datsun akaenda kumchukua ndugu yake Abdinasir huko Garbatulla, na Abdinasir alikuwa kaburini tangu zamani. Wachungaji walimkuta mbali na gari, viatu hana, anatembea kuelekea kusiko na mtu. Mara ya pili aliingia katikati ya kundi la mbuzi karibu na Ngaremara, na msichana aliyekuwa akichunga akajirusha korongoni kumkwepa, akavunjika mkono. Mzee hakusimama hata kidogo. Alirudi nyumbani anaimba.

Binti yake Falis ndiye aliyekuwa akimtunza. Alimngoja Huqa langoni, buibui limejaa unga wa mikate ya anjera, macho yamevimba.

"Huqa, ndugu yangu, nimeficha funguo, akafunga waya mbili akaondoka. Nimetoa betri, akanunua ingine. Akiniuliza nikikataa, ananiita mwizi, na juzi alinipiga. Baba yangu hajawahi kunipiga."

"Tuiuze basi."

"Ataitafuta kwa miguu mpaka afe porini. Gari ikipotea hatakubali. Lakini ikifa mbele ya macho yake, hiyo anaelewa. Magari yanakufa. Ife, Huqa. Na ife vile yeye hataweza kuifufua."

 Kumwambia fundi aue injini nzima ni kumwambia mchungaji amchinje ng'ombe wa maziwa mwenye afya, bila sababu ya kuonekana. Lakini yule msichana wa Ngaremara alikuwa na mkono kwenye plasta, na safari nyingine ingekuwa shingo. Huqa akakubali.

Walienda siku ya servisi kama kawaida. Mzee Jama alivaa kikoi kilichopigwa pasi, akavuta kiti chake, akakaa. Siku hiyo alikuwa mzima wa akili, maskini, na hilo ndilo lililofanya kazi kuwa nzito. Aliwatania wote wawili. Akamuuliza Ntongai kama Wameru wameshajua kwamba chai hunywewa kwa maziwa ya ngamia. Huqa akatoa plagi, akaziweka mkononi mwake moja moja, na mzee akazinusa na kusema injini inakula vizuri. Kisha muadhini akaita alasiri.

"Tunaenda, kijana?"

"Tangulia, Adeer. Mikono yangu imejaa mafuta."

Mzee akaenda msikitini peke yake, na Huqa akalala chini ya gari. Alitoa kile kishafti kinachozungusha distributa. Bila hicho starta italia na injini itazunguka, lakini moto haufiki kwenye plagi hata ukeshe. Akarudisha kila kitu juu yake, akafuta alama za vidole. Ntongai alikuwa amesimama langoni akilinda.

"Mimi naona aibu," Ntongai akasema, "na hata huo si msikiti wangu."

Kishafti Huqa alimpa Falis, naye akakifungia kwenye sanduku la nguo za marehemu mama yake, mahali ambapo mzee hakuwa na moyo wa kufungua. Mzee aliporudi aliwasha gari, likakataa. Akajaribu tena na tena. Huqa akasema watalitafutia dawa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliondoka katika boma lile bila kuangalia nyuma.

Walimdharau mzee, hapo ndipo walipokosea. Akili ilikuwa inamtoka, lakini mikono ilikuwa bado inajua. Alifungua kifuniko cha distributa, akamwambia Falis abonyeze starta, akaona ndani hakuna kinachozunguka. Kishafti hakitoki chenyewe. Na aliyelala chini ya gari lile alikuwa mtu mmoja tu.

Alimkuta Huqa mbele ya maduka ya spea, siku ya mnada wa mifugo, mji umejaa watu. Akasimama mbele yake na bakora.

"Kishafti cha distributa kilitoka?"

"Kilitoka, Adeer."

"Ulikiweka mkononi mwangu?"

"Hapana."

"Kiko wapi?"

Falis alikuwa amemkimbilia baba yake nyuma, anahema, na aliposikia swali hilo akaziba mdomo kwa mtandio. Wafanyabiashara wa mbuzi walikuwa wamesimama kusikiliza. Huqa angeweza kusema neno moja tu akawa safi. Lakini neno hilo lilikuwa ni kumwambia mji mzima kwamba Jama mwana wa ukoo ule amerukwa na akili, amempiga binti yake, na amepotea barabara aliyoilima kwa magurudumu miaka yote. Muislamu humsitiri mwenzake. Na tena, angesema kipo, mzee angekidai.

"Nimekiuza, Adeer," akasema.

Mzee Jama hakumpiga. Aliteremsha bakora, akamtazama kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi, akasema, "Nilikutoa kwenye maji machafu, kijana. Nilikulisha." Kisha akageuka. Watu wakatikisa vichwa, na mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wengine wakaitikia kwamba ndivyo.

Ajabu ya ugonjwa ule ni kwamba mzee, aliyekuwa hakumbuki kama amekula, alikumbuka nambari za simu za wenye magari wote, kwa kichwa. Aliwapigia mmoja mmoja. Wa Timau akawaambia mafundi wapumzike kwanza. Wa Nanyuki hakupokea simu zao tena. Ntongai na Huqa wakarudi kutengeneza pampu za maji na bodaboda.

"Waambie ukweli," Ntongai akamwambia. "Wewe unasitiri mtu, na watoto wangu wanakosa karo."

"Wewe unaweza kuniacha. Sitakulaumu."

Ntongai akatema mate, akachukua spana, akaendelea na pampu. Hakumwacha. 

Datsun haikutoka tena, maana kishafti cha gari la umri ule hakikupatikana madukani, na mzee hakupotea tena. Alikaa nyumbani, salama, akafifia. Maneno yalimkauka. Alimtazama Falis kama mpangaji, akakataa uji, akakataa nyirinyiri, ile nyama kavu ya mafuta aliyoipenda. Ndipo Huqa, aliyekuwa anapita na maziwa ya ngamia kumpa Falis kwa siri, akaonekana kupitia lango lililoachwa wazi. Mzee akainua kichwa.

"Falis," akasema, sauti yake ile ile ya zamani. "Funga lango. Mwizi amekuja."

Falis alikaribia kuangusha sufuria. Ilikuwa ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuitwa jina lake na baba yake. Na mzee hakuishia hapo. Alimtukana Huqa kuanzia kule kwenye kuosha malori, akaeleza alivyomfundisha kusikiliza vali, akamtaja Maryan na wivu wake, akamtaja Abdinasir na kwamba amekufa, akayasema yote kwa mpangilio, na alipochoka akaomba uji, akaumaliza.

Falis alimfuata Huqa nje. "Sina haki ya kukuomba hili," akasema. "Lakini uje tena akutukane." 

Tangu hapo Huqa alikuwa akienda. Baada ya alasiri anasimama langoni, anaitwa mwizi, anaingia, anakaa mkekani, anatukanwa. "Ndiyo, Adeer," anajibu. "Ni kweli, Adeer." Ndani ya matusi yale ndimo maisha yote ya mzee yalimokuwa yamebaki, na Falis alikuwa akisimama mlango wa jikoni akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Kila mara Huqa alirudi kwenye pikapu akakaa kwanza, mikono kwenye usukani, machozi yanamtoka, na Ntongai alitazama upande wa pili hadi yaishe.

Kulikuwa na jambo moja alilolitaka, na alimweleza Ntongai mara moja. Haki ya mtu hata Mungu huiacha mkononi mwa mwenyewe. Alitaka kumweleza mzee yote, kishafti kiliko na sababu yake, na kumwomba radhi kabla kifo hakijaingia kati yao. Lakini je, mzee akiamini? Hasira ikimtoka, si itatoka na kila kitu kilichoshikiliwa nayo? Falis atakosa hata yale matusi. Kwa hiyo Huqa aliahirisha. Leo alikuwa amekula vizuri, aachwe. Leo alikuwa ametaja jina la mama yake Falis, aachwe. Ukiahirisha jambo kwa wema, hujui kwamba nalo lina mwisho.

Siku moja alisimama langoni, akatoa salamu, na hakuitwa mwizi. Mzee Jama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevalishwa shati safi, uso wake umetulia. Alipomwona, alitabasamu.

"Aleikum salaam, karibu mgeni. Ingia kwenye kivuli. Wewe ni wa watu gani?"

Falis alitoka jikoni, akamtazama Huqa, akaegemea ukuta. Huqa akapiga magoti mbele ya kiti.

"Ni mimi, Adeer. Huqa. Mwizi wako."

"Mwizi?" Mzee alicheka kwa upole. "Mwizi haji kwa salaam."

Huqa akamwambia yote. Alisema juu ya alasiri ile, kishafti, msichana wa Ngaremara, uongo wa siku ya mnada. Alisema haraka haraka, yeye aliyesifiwa kwa kutokuwa na haraka, na alipomaliza akashika miguu ya mzee kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, Adeer. Niambie tu umenisamehe."

Mzee Jama alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha, kama mtu mwenye adabu anavyosikiliza shida isiyo yake. Kisha akamwekea mkono begani.

"Pole, mwanangu. Umebeba kitu kizito," akasema. "Lakini mimi sina gari, na sina la kukusamehe. Haki ya mtu ni ya mtu. Mtafute huyo mzee wako, umwombe radhi yeye mwenyewe. Na uende upesi, maana wazee hawakai."

Huqa akaiachia miguu ya mzee.

"Utaenda?"

"Nitaenda, Adeer," akasema Huqa.

Mzee akaridhika. Akamwita yule mwanamke aliyekuwa akilia pale ukutani, ambaye hakumjua ni nani, akamwambia mgeni aletewe chai.