Kaburi la Ombati Katika Sinema

Kaka yangu Ombati alikuwa mtu wa kwanza katika laini zetu za Boito, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, kuonekana kwenye sinema. Ninaandika haya kwa sababu waliomwona akiigiza wanapungua, na mimi mwenyewe nimeanza kusahau sauti yake ya kweli ilikuwa ipi.

Sauti alikuwa nazo nyingi. Krismasi ya mwaka 1928, katika kanisa la udongo la shambani, aliigiza Herode, kisha akarudi na kitambaa kichwani akiwa mke wa mwenye nyumba ya wageni. Mokeira, aliyekuwa akichuma majani pamoja nasi, alimkasirikia sana mwanamke yule kwa kumfukuza Mariamu. Kwa wiki nzima hakumsalimia Ombati.

Baadaye alikusanya wenzake watano, wakawa wanaigiza Jumapili baada ya ibada, Kaplong, Sotik, mpaka soko la Chepilat. Alikuwa mzee kipofu, karani mwenye maringo, bibi harusi mwenye jino bovu. Watu wakikutana naye njiani asubuhi humwuliza, "Ombati, leo wewe ni nani?" Naye hujibu, "Ngoja ninywe chai kwanza, nitakuambia."

Mwaka 1935 walikuja Wazungu watatu na lori, kupiga sinema ya kufundisha watu kuchimba vyoo. Wengine wote waliganda mbele ya kamera kama nguzo. Kwa hiyo Ombati akapewa nafasi tatu: mjomba mlevi, mganga wa zahanati, na kijana anayekufa kwa homa ya tumbo. Kaburi lilichimbwa kweli, mwisho wa laini, pembeni ya majani. Walimlaza ndani akiwa amefungwa blanketi, uso wazi, kwa sababu Mzungu alitaka uso uonekane udongo wa kwanza unapomwagwa. Nilikuwepo. Udongo ulimgonga shavuni, na kamera iliponyamaza aliruka juu akipangusa macho.

"Osoro, ndugu yangu," aliniambia, "kidogo nifungue jicho. Kufa ni kazi ngumu."

Watu wakacheka. Kaburi likafukiwa tupu.

Habari zikamfikia mama yetu, Bitutu, kule Kisii. Siku ya tatu alifika kwa miguu, na kichwani amebeba shina la mgomba. Kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Kama mtu hakuingia, huwekwa mgomba mahali pake, ili shimo lisiendelee kumdai.

"Nionyesheni mahali," alisema.

Nyapara alikataa. Sehemu ile ilikuwa tayari imepimwa kwa miche mipya ya chai, na jembe lisingepita pale bila ruhusa ya bwana shamba. Mama akamgeukia Ombati.

"Mwambie wewe. Wewe wanakusikiliza."

"Mama, kaburi la sinema si kaburi. Ni kama lile jino la bibi harusi."

"Jino halikuchimbiwa."

Ombati akacheka, akambusu mkono kwa mtindo wa yule karani mwenye maringo, na mama naye akacheka bila kupenda. Mimi wakati huo nilikuwa karani wa mizani ya majani, ningeweza kwenda kumwomba bwana shamba. Sikwenda. Mama aliacha shina lile karibu na mlango wangu, likaozea pale.

Wale Wazungu walimchukua Ombati kwa sinema nyingine. Aliandika kutoka Nairobi, kisha Tanganyika: amekuwa askari, amekuwa mwizi, amekuwa chifu. Mwezi wa nane mwaka 1937 ilikuja barua yenye mwandiko wa mtu mwingine. Alikufa kwa homa, na alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Mahali hapakutajwa. Niliandika mara nne kuuliza. Sikujibiwa.

Kisha lori la sinema likarudi Boito na picha ile ya vyoo. Aliyeendesha mashine alikuwa Otiende, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Mama alikuwa amefika tangu mchana. Alikaa chini karibu kabisa na mashine, giza lilipoingia na shuka lililotundikwa kwa ajili ya picha likawaka mwanga.

Mlevi alipotokea akiyumba, watu walipiga makofi. "Huyo! Huyo wetu!" Mama hakutikisika. Lakini mgonjwa alipolazwa kaburini, uso wazi, alimshika Otiende mguu.

"Mwanangu, simamisha hapo. Nimwangalie."

"Haiwezekani, mama. Hii lazima itembee. Ikisimama, taa inaunguza picha."

"Kidogo tu. Sikumwona akizikwa."

Nilitaka kumwambia Otiende asimsikilize. Nilitaka pia kumwona. Otiende alimtazama mama, akaushika mkono wa mashine, akausimamisha.

Ombati alitulia kwenye shuka, mkubwa kuliko nyumba. Mama aliinuka nusu. Kisha doa la kahawia likatokea karibu na sikio la Ombati, likapanuka, likamla shavu. Mama alipiga yowe. Otiende alizima taa na kung'oa utepe kwa vidole vyake, akaungua. Ile sehemu nyingine ilipona.

Kesho yake aliunganisha vipande na kwenda kuonyesha kwingine. Sasa katika sinema ile kijana analazwa, na mara moja kaburi limejaa.

Kipande kilichokatwa alinipa mimi. "Nisamehe, ndugu," alisema. Nikamwambia hakuna la kusamehe, maana walioomba ni sisi.

Tulikwenda nacho Kisii, tukachimba kaburi. Mama alikata shina la mgomba mwenyewe, akalifunga blanketi, akakiweka kipande kile katikati na kuniuliza kichwa kiko upande gani. Nilikiinua kwenye jua. Zilikuwa picha kumi na nne, kila moja ndogo kama ukucha, na katika zote Ombati amelala amefumba macho. Ila ya mwisho, iliyopakana na ile iliyoungua: pale kope moja ilikuwa imeanza kuinuka.

"Upande huu," nilimwambia mama, na sikusema zaidi. Nikashika jembe, nikafukia.