Nyuma ya Jiwe la Mia Mbili na Kumi na Nne

Gari lilikuwa la marehemu, na lilikuwa na tabia za marehemu: halisemi kama linaumwa mpaka limeshazidiwa. Kioo cha kulia kilipandishwa kwa koleo. Kiti cha abiria kilifungwa kwa waya. Honi ililia yenyewe kila ukikata kona ya kushoto, ingawa kwenye barabara ile ya jangwani hata kona zenyewe ungezitafuta kwa tochi. Mjane alilivumilia kama mtu anavyomvumilia shemeji mkorofi, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo.

Alikuwa fundi cherehani, miaka arobaini kwenye kiti kimoja, na hajawahi kuendesha gari mbali kuliko duka la vitambaa. Siku mbili kabla ya safari binti yake alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, si upande basi tu?"

"Basi halisimami kwenye jiwe."

"Jiwe gani tena?"

"Jiwe la baba yako."

Binti akamtazama hivi, kisha akaenda jikoni kumchemshia mayai. Huyo ndiye mtoto wake. Akishindwa kubishana, anapika.

Basi ilikuwa safari ya kujibana. Mayai kumi, mikate miwili, madumu ya maji kutoka bombani kwake, na madumu ya mafuta yaliyofungwa nyuma kwa kamba ya nguo. Mafuta aliyapigia hesabu mara tatu: yangemfikisha kilomita mia tano na hamsini. Kwenda ni mia mbili na kumi na nne, kurudi vivyo hivyo, na akiba kidogo ya wasiwasi. Alale nyumba ya wageni kwani yeye nani? Angerudi siku hiyohiyo.

Pale barabara inapoanzia palikuwa na kibao kilichoandikwa urefu wake wote, kilomita mia tano na thelathini, na baada ya kibao hakukuwa na kitu. Mchanga, kokoto, mchanga. Kila kilomita moja jiwe jeupe la kufika kiunoni, lenye namba nyeusi. Kufikia saa tatu joto lilishaingia ndani ya gari likakaa. Usukani ulichoma viganja. Kwenye kioo cha upande wake alikuwa ametundika shati la bluu la marehemu limzuie jua, na shati lile lilimpiga shavuni kila upepo ukiingia.

Kwenye jiwe la mia na kumi alisimama injini ipumzike. Akamenya yai, akalikata katikati kwa uzi kama alivyozoea, nusu akala, nusu akaiweka kwenye kiti cha abiria. Alikaa muda akiitazama ile nusu. Kisha akaichukua akaila na yenyewe, akaishushia maji ya moto.

Mume wake alikuwa mpaka rangi wa mawe haya. Miaka kumi na mmoja aliishi kambini huku jangwani, akipaka chokaa na kuandika namba, na nyumbani akija mara moja kwa mwaka. Alikuwa mtu wa maneno machache na wa mkono wa kushoto. Mashati yake yote mkewe aliyashonea mfuko upande wa kulia, ili kalamu na brashi visimsumbue. Yeye alimwita mkewe Fundi, hata mbele za watu. Mambo yalikuwa mazuri mpaka mwaka wa tisa, aliporudi likizo na shati hili la bluu.

Lilikuwa limechanika mgongoni, na limeshonwa. Mshono wa mkono, mdogo, uliopangika. Fundi hahitaji kuambiwa mkono wa nani umepita kwenye kitambaa; alijua mara moja kwamba si wake, na kwamba mtu yule ameshona kwa subira. Mume wake yeye hakujua hata kutia uzi kwenye sindano. Alipojaribu kifungo siku moja alijidunga vidole vitatu, na mkewe alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Kwa hiyo ni mwanamke. Tena mwanamke anayeshona kinyume, alijisemea, maana nyuzi zililala upande usio wake na fundo lilikuwa limeachwa nje.

Mume alikuwa ameliweka shati juu ya meza, akasimama pale kama mtu anayengoja chenji. Mke akalikunja, akaliweka kabatini, akamwuliza kama atakula sasa au baadaye.

Hakuuliza siku ile, wala mwaka uliofuata liliporudi shati jingine, wala jingine baada ya hilo. Alimeza. Barua zake zikawa fupi. Aliacha kuimba kwenye cherehani. Hata mume alipoumia mgongo na kurudi nyumbani moja kwa moja, waliishi kwa adabu tu, kama wapangaji wawili wanaogawana choo. Samahani, pita. Asante, nimeshaoga. Miaka kumi na tisa ya namna hiyo.

Ndipo wiki yake ya mwisho, kitandani, akasema, "Fundi, nyuma ya jiwe la mia mbili na kumi na nne kuna maneno yako."

"Maneno gani?"

"Kasome mwenyewe."

Alikuwa na hakika ni toba. Jina la mwanamke, labda na mtoto. Hakwenda kutafuta faraja. Alikwenda kutafuta jina, apate mtu wa kumkasirikia, maana kumchukia mtu asiye na jina kulikuwa kumemchosha.

Alilifikia jiwe saa tano kasoro. Akashuka, akalizunguka, akapiga magoti kwenye kokoto za moto.

Nyuma palikuwa peupe. Hakuna hata herufi. Alipangusa vumbi kwa kanga, akakwangua chokaa kwa ukucha, akakuta jiwe. Akarudi mbele kusoma namba, akarudi nyuma. Kisha akakaa kwenye kivuli kile chembamba cha jiwe na kulia kwa sauti. Hakukuwa na wa kumstahi. Hata uongo, alilia, hata uongo wako umeshindwa kuniandikia.

Boza la maji ndilo lililomkuta hapo. Dereva wake, kijana mnene mwenye taulo shingoni, alisimama katikati ya barabara bila kujisumbua kuegesha.

"Mama, umeharibikiwa?"

"Hapana, gari ni zima."

Dereva alilitazama gari, kisha kwa heshima akatazama pembeni. Akamjazia maji baridi kwenye kikombe. Mjane akanywa, na kwa kuwa hakuwa na cha kuficha tena, akamweleza habari ya jiwe.

"Mume wako alikuwa kikosi cha huku au cha kule?" dereva akauliza.

"Cha barabara."

"Ndiyo, lakini vilikuwa viwili. Kimoja kilianzia huku mjini, kingine kule mwisho, vikakutana katikati. Kila kimoja kilihesabu mawe kuanzia kambini kwake. Walipomaliza ndipo ofisi ikaamuru namba zote zianzie huku. Wale wa kule wakafutiwa namba zao."

Mjane alikiweka kikombe chini. Barua za mume wake zote zilikuwa na muhuri wa mji ule wa mwisho. Hakuwahi kupita njia hii, alizunguka na meli. Na mgongo ulimrudisha nyumbani kabla vikosi havijakutana. Yeye alikufa akijua namba yake ya zamani.

Futi yake ya ushonaji ilikuwa shingoni, kama kawaida. Hata msibani aliivaa. Akaivua, akaibana kwa kidole penye sitini, akaigeuza. Upande wa pili ilisoma tisini. Ndivyo futi za ushonaji zilivyo: upande huu huanzia ncha hii, upande ule ncha ile. Miaka arobaini aliwagombeza wanafunzi wake. Angalia unaanzia ncha gani, wewe, utamkatia mteja suruali ya mtoto.

"Mia tano na thelathini," alisema polepole, "toa mia mbili na kumi na nne."

"Mia tatu na kumi na sita," dereva akasema. "Lakini mama, ukienda huko hugeuzi tena. Mafuta yako yatakufikisha mwisho, na hapo tuombe Mungu. Kurudi utarudi na nini?"

"Kule mwisho kuna watu?"

"Wapo."

"Basi wana nguo, na nguo huchanika." Akapapasa kikopo cha sindano mfukoni. "Nitashona mpaka nifike kwangu."

Dereva alicheka, akamjazia madumu ya maji, akaenda zake upande wa mjini. Mjane alilisikiliza boza mpaka sauti ikaisha. Upweke uliobaki baada yake ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Zile kilomita mia na mbili aliziendesha bila kuwaza kitu. Rejeta ilichemka mara mbili, akaimwagia maji ya kunywa. Kufikia saa tisa na nusu alikuwa mbele ya jiwe la mia tatu na kumi na sita. Hakushuka. Alikaa ameshika usukani, akamwambia mtu asiyekuwepo, "Kama ni jina lake, naomba liwe baya."

Kwa mbele, chini ya namba mpya, ile ya zamani ilionekana kwa mbali ndani ya chokaa: 214. Akazunguka.

Nyuma hapakuwa pameguswa. Waliobadilisha namba walipaka upande mmoja tu, kama wafanyakazi wote wa ofisi. Maandishi yalikuwa madogo, meusi, ya mwandiko wa mume wake, ulioinama kushoto.

*Fundi. Leo nimeshona shati la bluu mwenyewe. Nimejifunza kwa kukukumbuka unavyofanya. Usiku kucha nimejidunga. Sitakuambia, nitaliweka tu mezani. Ukiliona utacheka.*

Alisoma mara moja tu. Akarudi kwenye gari, akalishusha shati dirishani, akaligeuza mgongo juani. Mshono ulianzia kushoto. Ulilala upande usio wake kwa sababu mkono ulioushona haukuwa wa kulia, na yeye, aliyekuwa akimshonea mtu huyo mifuko upande wa kulia maisha yake yote, hakuona. Akamwona tena pale mezani, amesimama, anangoja. Mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Kila shati.

Alikaa chini, mgongo kwenye yale maneno, shati magotini. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili. Alipitisha kidole juu ya mshono taratibu, tundu kwa tundu, kama alivyokagua kazi za wanafunzi wake, na alipofika mwisho akakisimamisha kidole kwenye fundo.

"Umenyooka," alisema. "Mkono wako mwepesi. Ila fundo, mume wangu, fundo huwekwa ndani."

Akajaribu kucheka.