Uso wa Angwenyi

Nyanchera hakuwa na meza. Hakuwa na brashi, hakuwa na penseli ila vipande ambavyo watoto wa shule walikwisha kuvitupa, hakuwa na karatasi ambayo haijaandikwa upande mmoja. Hakuwa na mwalimu, wala mtu wa kumwambia kwamba bluu na manjano zikikutana huzaa kijani. Na ingawa aliishi boma moja na baba mkwe wake miaka mingi, hakuwahi kuuona uso wake.

Hilo la mwisho si ajabu kwetu Wagusii. Tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mkamwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hushika upande na mwenzake hushika upande wake, macho chini. Ndugu yangu Angwenyi na Nyanchera, mke wa mwanawe Sylvanus, waliishi hivyo kule juu ya Nyamache. Nyanchera alijua kikohozi cha mzee, viatu vyake na kofia yake. Uso, hapana. Nami Onyancha, kwa kuwa nilizaliwa tumbo moja na Angwenyi, ni baba mkwe wake vilevile.

Lakini msidhani hawakupendana. Walipendana sana, kwa mbali.

Nyanchera alianza kuchora siku ya kukandika jikoni. Wanawake wengine walipiga udongo na samadi ukutani wakaenda zao. Yeye alibaki, akatafuna kijiti mpaka kikawa na nyuzi, akachovya katika majivu na udongo mwekundu, akachora mgomba wenye mkungu. Akatia weusi kwa makaa. Angwenyi akapita kwenda kuchuma chai. Alisimama mbele ya ukuta huo kitambo kirefu. Nilikuwepo, nilimwona.

Kesho yake akaweka brashi yake ya kunyolea ndevu kwenye kizingiti cha ghala, akamgeukia ng'ombe wake na kumwambia kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni, "Wewe ng'ombe, brashi hii imezeeka. Mwenye kazi nayo na aichukue."

Ndivyo alivyozoea kuzungumza na mkamwana wake. Yule ng'ombe aliambiwa mambo mengi maishani mwake: kwamba uji ulikuwa mtamu, kwamba mtoto anayelia apelekwe zahanati, kwamba mgomba wa ukutani ulikuwa mzuri ila majani yamezidi. Na Nyanchera, aliye jikoni, alikuwa akimjibu kuku.

Kwa brashi hiyo ya ndevu alijifunza. Alichora dume kwenye ukuta wa bucha pale sokoni Nyamache, akachora vichwa kwenye kibanda cha kinyozi, na jino mlangoni kwa daktari wa meno ambalo watu walisema linauma ukilitazama tu. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya jioni ya ngumbaru, nilimwandikia herufi kwenye vipande vya maboksi naye akazinakili. Baada ya muda herufi zake zikapita zangu kwa uzuri. Sikuumia. Mwanafunzi akimpita mwalimu, mwalimu alifundisha vizuri.

Angwenyi alifariki wakati wa zile mvua kubwa zilizokata barabara. Sylvanus alikuwa India, mji wa Pune, akisomea uhandisi, na hakuweza kuja kumzika baba yake. Miezi ikapita. Barua zake zikawa fupi. Kisha ikaja moja niliyosomewa na Nyanchera, yeye akiwa ndani ya mlango wa jikoni, mimi nimekaa nje nikitazama shamba la chai.

"Naanza kumsahau baba," Sylvanus aliandika. "Nikifumba macho naona kofia tu. Usiku silali, najaribu kumkumbuka. Tafadhali nitumieni picha. Kama hakuna picha, mke wangu, wewe ndiye mchoraji. Nichoree."

Picha haikuwepo. Angwenyi alikuwa akiikimbia kamera kama watu wanavyokimbia nyuki. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu alipokufa, kama sheria inavyotaka. Katika picha ya harusi ya Sylvanus, mzee ni ule mgongo ulio kando ya hema.

"Huyu mtoto amekaa ugenini mpaka amesahau chinsoni," nikasema. "Utamchorea nini wewe usiyewahi kumwona uso?"

"Baba, nitachora," Nyanchera akajibu.

"Utachora nini?"

"Ninachokijua. Kisha wewe utaniambia kilichobaki."

Siku ya pili aliweka karatasi kwenye nyasi, akatia jiwe juu yake isipeperuke, akarudi ndani. Nikaiokota. Nawaambieni, nilikaa chini. Ilikuwa miguu ya ndugu yangu, kile kidole kilichopinda kikitokeza kwenye kiatu kilichopasuka. Mikono yake ilikuwa juu ya fimbo, mmoja umeufunika mwingine. Koti lake lilikuwepo, na kofia. Chini ya kofia palikuwa peupe kama sahani.

"Haya, pua, Baba," akasema kutoka ndani.

"Pana. Lakini si pana ya kukaa tu. Ni pana ya mtu anayetaka kucheka."

"Hiyo inachorwaje?"

"Mchoraji ni nani hapa?"

Nikamsikia akicheka. Akachora. Akaiweka kwenye nyasi. Nikaitazama nikasema si yeye. Akafuta, akachora tena. Si yeye. Kwa penseli karatasi ilitoboka, kwa rangi uso ukaota tope, kwa maana kila kosa lilifunikwa na rangi nyingine mpaka mzee akawa kama aliyeanguka shambani. Tulikwenda hivyo wiki nyingi, kila siku isipokuwa Sabato. Nilikuwa na maneno yaleyale, sikuwa na mengine.

"Nikimwandikia kwamba nimeshindwa," Nyanchera akasema siku moja, "ataona nilikaa kwa baba yake kama mpangaji."

Aliyetuokoa ni Sarla. Huyu ni mama wa Kihindi mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi na kalenda pale Kisii mjini. Alimfahamu Nyanchera tangu siku alipokuja kununua rangi jirani, akamkuta Sarla amechuchumaa mlangoni akichora maua sakafuni kwa unga wa rangi, kwa ajili ya sikukuu yao ya taa. Nyanchera aliweka kikapu chini, akachuchumaa naye wakamaliza ua pamoja. Tangu hapo Sarla alimpa kazi ya kuchora mapambo ya kadi.

Sasa mwanawe Sarla, Bhavin, alikuwa ameleta kutoka Nairobi kompyuta na kibao cha kuchorea. Kibao chenyewe kilikuwa kama ubao mdogo wa shule, cha kijivu, na kalamu yake haikuwa na wino. Unachora juu ya kibao, mchoro unatokea kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa unafuta mara mia," Sarla alimwambia Nyanchera. "Hakuna tope, hakuna tundu. Lete huyo mzee wako akae aseme."

Tukaenda Jumapili, duka likiwa halina wateja. Nyanchera aliketi mbele ya kompyuta. Mimi nikawekewa kiti nyuma yake, hatua kadhaa, karibu na mlango wa barabarani. Wote wawili tulitazama upande mmoja. Niliona mara moja kwamba chombo hiki kilitufaa sisi kuliko watu wengine wote, maana hakuna aliyehitaji kugeuka.

"Bibi," nikamwambia Sarla, "aliyetengeneza kitu hiki ana baba mkwe."

Sarla akatazama kisogo cha Nyanchera, kisha akanitazama mimi. "Lakini Mzee, si ulifanana na ndugu yako? Ngoja nikupige picha moja tu, mambo yaishe."

"Sylvanus atasema ni baba mdogo. Tulifanana mifupa. Midomo mbalimbali, paji mbalimbali. Na mimi ni mzuri zaidi."

"Haya, mzuri. Kaa."

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Nyanchera aliitia ncha ya kalamu mdomoni kuilainisha, kama alivyozoea na brashi yake.

"Aré! Toa! Hiyo si kijiti!" Sarla akapiga kelele.

"Haina wino, mama. Nilidhani imekauka."

Kisha akawa anatazama mkono wake badala ya kioo. Akichora duara, anatafuta duara juu ya kibao, halipo. Akainua macho, anakuta kioo kimejaa mistari kama mizizi ya viazi. Jasho lilimtoka. Mkono ulikuwa mahali pamoja, jicho mahali pengine, na mtu aliyejifunza kwa kijiti ukutani amezoea vitu hivyo viwili vikae pamoja. Lakini alikuwa na ukaidi mzuri. Kufika saa sita mkono wake ulikwisha kuzoea kufanya kazi bila kutazamwa. Akachora kofia kwa mkupuo mmoja. Akachora koti.

"Pua, Baba."

Tukaanza upya. Safari hii alifuta na hapakubaki alama. Pua ikaenda, ikarudi. Macho yakasogea. Ilikuwa rahisi mno kufuta, na bado haikuwa yeye. Mzee mmoja mtulivu alitutazama kutoka kwenye kioo, mtu mwema, mtu wa mahali pengine. Saa tisa sauti yangu ilikuwa imekwisha.

"Ni yeye?" Nyanchera akauliza.

Nikataka kusema ndiyo. Alikuwa amechoka, na Sylvanus alikuwa mbali. Lakini ningemzika ndugu yangu mara ya pili, chini ya uso wa mtu mwingine.

"Si yeye, mkamwana wangu."

Akainamisha kichwa. Hapo ndipo stima ikapotea.

Kompyuta ikalia kidogo ikazima. "Ulihifadhi?" Sarla akauliza. Nyanchera akatikisa kichwa. "Nilikwambia ubonyeze kila mara! Yote imekwenda. Yote!" Akatoka nyuma kutafuta jirani mwenye habari za stima, akiendelea kulalamika kwa lugha yake.

Tukabaki wawili. Kioo kilikuwa cheusi sasa. Jua la alasiri liliingia mlangoni likanipiga upande wa uso, na mle ndani ya kioo cheusi, wazi kama katika maji ya kisima, nikaona vichwa viwili. Cha mbele kilikuwa chake. Cha nyuma kilikuwa changu.

Nyanchera alikuwa ameinua macho. Alikuwa akinitazama.

Najua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kukohoa, naye angeinama. Nilipaswa kuvuta kiti pembeni, kwenye kivuli cha mlango. Nimeishika heshima hii maisha yangu yote, na bado naishika, na mtu asije akasema Onyancha aliitupa mjini. Nikamfikiria kijana aliyelala macho wazi huko Pune, akiona kofia isiyo na mtu.

Nikavua kofia yangu. Nikaiweka magotini, nikakaa wima, uso wangu ukielekea kwenye kioo.

"Paji lake lilikuwa pana kuliko la watu wengine wa kwetu," nikasema, kama mtu anayeendelea na habari ileile. "Ongeza vidole viwili."

Kisha sauti yake, ndogo. "Na hapa, chini ya jicho, Baba? Palikuwa na mkunjo?"

"Palikuwa nao. Wake ulikuwa mrefu, ukashuka mpaka shavuni, kwa sababu ya kucheka."

"Na taya?"

"Taya ni hilihili la ukoo."

"Midomo?"

"Minene zaidi. Wa chini ulining'inia kidogo akisikiliza."

Hakugeuka. Mimi sikumtazama machoni mle kiooni, nilitazama paji langu mwenyewe. Lakini nilimwachia uso wangu wote, na yeye akausoma taratibu, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayesoma barua asiyotaka iishe. Mkono wake ulikuwa ukitembea juu ya kibao kilichozima, ukichora hewa.

Sarla akarudi. "Mnaongea na nani? Mashine imekufa!"

"Tunaisubiri ipone," nikasema, nikavaa kofia.

Stima iliporudi, Nyanchera hakuniuliza neno. Kioo kilipowaka vichwa vyetu vilipotea, na mahali pake likaja paji pana, kisha mkunjo mrefu, kisha pua inayotaka kucheka. Alichora kama mtu anayenakili. Mdomo wa chini ulipokaa mahali pake, nikajikuta nimenyanyuka kitini.

"Bwakire," nikasema. Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi kwa Ekegusii, na ilikuwa jioni.

Nyanchera akaweka kalamu chini akafunika uso kwa leso. Alilia, tena kwa sauti. Na Sarla, aliyekuwa hajui kilichotokea, akalia naye, kisha akambonyezea ile alama ya kuhifadhi, mara tatu, kwa nguvu.

Walichapisha kwenye karatasi nene. Kesho yake tukakutana tena posta ya Kisii, mimi nikisimama mwisho huu wa kaunta na yeye mwisho ule. Alikuwa amemwandikia mumewe kurasa mbili. Akaniuliza bila kugeuka, "Baba, nimweleze tulivyofanya?"

"Mweleze mashine ni nzuri."

"Hilo nimelieleza. Nauliza lile lingine."

Nikafikiri. Karani alikuwa akitungoja na mihuri yake.

"Mwandikie kwamba sasa unamjua baba yake," nikasema. "Yeye ataelewa atakavyoelewa."

Akaandika mstari huo chini ya ukurasa, akiegemea kaunta. Akaifunga picha katikati ya kadibodi mbili, akaitia ndani ya bahasha ya kaki pamoja na barua, akalamba gundi, akabana kwa kiganja kutoka pembe hii hadi pembe ile. Akaisukuma juu ya kaunta. Karani akaipima, akabandika stempu, akaigonga muhuri, na kuitupa kwenye gunia la nchi za nje.